Karani wa Mizani

Miaka kumi na tisa nimeketi katika kibanda hiki,
barabara ya Mayuge, vumbi jekundu mpaka kwenye chai,
napima miwa.
Lori huingia limejaa, naandika.
Lori hutoka tupu, naandika.
Kinacholipwa ni tofauti ya hayo mawili,
si honi, si urefu wa shehena,
si kiapo cha dereva.

Najua hila zote. Matope chini ya miwa.
Pipa la maji lililojaa likija, limemwagwa likienda.
Utingo aliyejikunyata kwenye kebini
na kilo zake hamsini za njaa.
Basi nilipofungua mara ya kwanza
taarifa ya mwaka ya Kyanga Maziwa,
kurasa tisini na mbili, ng'ombe wanakaribia kucheka,
sikuhitaji kufundishwa swali.
Faida imepanda hivi: nani amejificha kwenye kebini?

Nilianzia nyuma, kwenye tanbihi,
herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Deni gani, la nani, linaiva lini.
Fedha zilizoingia mlangoni kweli,
si zile zilizoandikwa tu kwamba zitaingia.
Nikagawanya, nikatoa, mgongoni mwa stakabadhi za miwa,
nikapata thamani ya hisa moja: shilingi mia mbili na kumi.
Kampala sokoni iliuzwa mia tatu.
Nikafunga daftari.

Unangoja nini, aliniuliza Kirunda wa stoo,
yeye aliyenunua kwa sababu shemeji yake amenunua.
Ngojangoja huumiza matumbo!
Nikamjibu tumbo langu limezoea.
Muwa hukaa ardhini miezi kumi na minane;
ukiukata wa miezi tisa unaleta maji,
na mimi maji nayajua kwa uzito wake.

Misimu minne ya mvua ilipita.
Kisha ukaja uvumi wa ugonjwa wa miguu na midomo,
minada ya ng'ombe magharibi ikafungwa, redio zikapiga yowe,
na hisa ikaporomoka: mia mbili, mia na sitini,
mia na thelathini.
Kirunda akauza zote siku ya Jumanne, uso wa mfiwa.
Usiku ule niliwasha taa nikasoma upya.
Deni limepungua. Matangi ya kupoozea ni yale yale.
Watoto wa Jinja bado wanakunywa maziwa.
Asubuhi nikampigia dalali, sauti ikitetemeka, sikufichi,
nikanunua kwa fedha isiyo ya ada wala ya dawa;
hizo mbili sizigusi hata soko liote mbawa.

Na sijidai. Kuna kiwanda cha rangi nilichokipima vibaya.
Tanbihi ya kumi na saba, mkopo kwa mkurugenzi:
niliiruka kwa usingizi wa zamu.
Nilipoiona, mwaka mzima ulikuwa umepita.
Nikauza kwa hasara, nikaiandika kwa wino mwekundu
ndani ya jalada la daftari,
mahali ambapo jicho halina budi kupita.

Gawio huja Julai, mlio mmoja wa simu.
Mwaka wa kwanza lilinunua sabuni na chumvi.
Mwaka huu, wa kumi na moja, limelipa
vidonge vya presha vya mama hadi Krismasi,
na zilizobaki nimezirudisha shambani: hisa arobaini.
Bei ya leo siijui. Sijaiangalia tangu Pasaka.

Lori la Balikowa linaingia, limeinama kushoto.
Ananipungia mkono, tabasamu pana kupita kiasi.
Nachukua tochi, nashuka,
nakwenda kuchungulia kebini.